Akitoka ICU, Msimlaze Tena

Mgonjwa aliyekuwa mahututi akiruhusiwa kurudi nyumbani, ndugu huwa wameshajipanga. Godoro limeanikwa juani, chumba chenye hewa nzuri kimehamwa kwa ajili yake, dada mtu ameomba likizo, na kila mmoja ameapa kwamba mgonjwa hatainua hata kikombe cha chai. Nia ni njema kabisa. Lakini kwa mtu aliyenusurika UVIKO-19 kali, au ugonjwa wowote uliomweka kwenye mashine ya kupumulia, kitanda hicho kilichotandikwa kwa upendo kinaweza kumchelewesha kupona kuliko kitu kingine chochote pale nyumbani.

Makala haya ni kwa ajili yenu mnaomuuguza, na kwa mgonjwa mwenyewe akiwa na nguvu ya kusoma. Yanahusu huduma za utengamao, yaani kazi ya kumrudishia mtu uwezo wa kula, kutembea, kukumbuka, kufanya ibada, na hatimaye kurudi kwenye shughuli zake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani kwa vitu vilivyomo humohumo, ilimradi mjue mnachokifanya na mjue mahali pa kuishia.

Kwa nini hana nguvu ilhali amepona

Misuli isiyotumika huisha, na ya mgonjwa mahututi huisha kwa kasi isiyo ya kawaida. Watafiti wa London waliopima msuli wa paja kwa altrasaundi waliripoti mwaka 2013 kwamba katika siku 10 tu za ICU ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Kulala peke yake hakufanyi hivyo. Maambukizi makali huufanya mwili ujile wenyewe, dawa za usingizi humzuia mtu hata kujigeuza, na mishipa ya fahamu ya mikono na miguu nayo huweza kuathirika. Kwa wagonjwa wa UVIKO-19 kulikuwa na jambo la ziada. Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni inapunguza vifo kwa walio kwenye oksijeni au mashine, na tangu hapo dawa hiyo imeokoa watu wengi sana. Hata hivyo ni ya jamii ya steroidi, na steroidi hupandisha sukari na huweza kudhoofisha misuli.

Huko Toronto, Daktari Margaret Herridge na wenzake waliwafuatilia watu waliopona ugonjwa mkali wa mapafu, miaka mingi kabla ya janga hili. Wengi wao walikuwa watu wazima wa umri wa kufanya kazi, si wazee. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kutoka ICU mapafu yao yalikuwa yamerudi kwa sehemu kubwa, lakini umbali waliotembea kwa dakika sita ulikuwa theluthi mbili tu ya uliotarajiwa, na ni karibu nusu yao waliokuwa wamerudi kazini. Kilichowarudisha nyuma kilikuwa misuli. Kwa hiyo baba akishindwa kujifunga kifungo cha shati wiki ya pili baada ya kurudi, hadeki wala hajakata tamaa. Ana ugonjwa wenye tiba yake, na tiba hiyo ni kutumia mwili kidogo kidogo kila siku.

Kwamba tiba hiyo inafanya kazi hata mtu akiwa bado kitandani kulionekana mwaka 2009. Utafiti wa hospitali za Chicago na Philadelphia uliwaanzisha mazoezi wagonjwa waliokuwa bado kwenye mashine, kila walipopunguziwa dawa za usingizi. Walipotoka hospitali, asilimia 59 yao waliweza kujihudumia kama zamani, ilhali wenzao waliopewa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 35. Elimu hiyo ndiyo janga liliyoivuruga. Wodi zilifurika, wagonjwa walilazwa usingizi mzito kwa siku nyingi, wengine kifudifudi, wataalamu wa fiziotherapia wakazuiwa kuingia kwa hofu ya maambukizi, na ndugu wakabaki getini. Wengi walirudi nyumbani wakiwa hawajasimama hata mara moja.

Na hapa kwetu kuokoka kwenyewe kulikuwa kugumu. Utafiti wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa mahututi walifariki ndani ya siku 30. Mtu aliyepita hapo hastahili kupotezwa na udhaifu unaotibika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuondoka wodini

Msiondoke na bahasha tu. Muulizeni daktari mgonjwa alikaa kwenye mashine siku ngapi, viungo gani viliathirika zaidi ya mapafu, na uzito wake sasa ni kilo ngapi. Orodha ya dawa ipitieni moja moja, kwa sababu dawa za usingizi na za tumbo alizoanzishwa ICU wakati mwingine huendelea kuandikwa bila sababu, na za kuzuia damu kuganda zina tarehe ya kuisha ambayo lazima muijue. Ulizeni kama bado anaweza kuambukiza. Wengi wanaotoka baada ya wiki kadhaa hawaambukizi tena, lakini mwenye kinga dhaifu huweza kubaki na virusi kwa muda mrefu zaidi. Mkishahakikishiwa kwamba yuko salama, wajulisheni majirani. Mgonjwa anayekwepwa na watu huchukua muda mrefu zaidi kurudi katika hali yake.

Jambo la kusisitiza kuliko yote ni rufaa ya fiziotherapia kwa maandishi. Nchini Tanzania hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo hicho, na Kenya hospitali nyingi za kaunti vilevile. Mjini Moshi, hospitali ya KCMC imekuwa ikifundisha wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo kwa miongo kadhaa. Wataalamu wapo, ingawa hawatoshi. Hata mkimwona mtaalamu mara moja tu, mwombeni awaonyeshe mazoezi matatu na mmoja wenu ayarekodi kwa simu.

Kitanda, kiti na choo

Siku chache za mwanzo lengo ni dogo: mgonjwa asikae kitandani mchana kutwa. Milo yote ailie akiwa ameketi kwenye kiti. Kabla ya kusimama akae ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, mpaka kizunguzungu kiishe. Shinikizo la damu la mtu aliyelala wiki nyingi hushuka ghafla anapoinuka, na wengi huanguka papo hapo.

Mnapomsaidia kuinuka msimvute kwa mikono. Mabega ya mtu aliyelazwa kwa muda mrefu, hasa kifudifudi, huwa yamekakamaa, na kumvuta kunaweza kumtegua bega. Mfungeni kanga au kitenge kilichokunjwa kiunoni, mkishike hapo nyuma, mwambieni ainame mbele kisha asukume kwa miguu yake mwenyewe. Ninyi mnamzuia asianguke tu, nguvu ni zake.

Akiwa kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili kama hawezi kujigeuza. Kagueni ngozi ya matakoni, kwenye visigino na kisogoni, na kwa aliyelazwa kifudifudi kagueni pia mashavu na kidevu. Weusi au wekundu usiofifia mkibonyeza ni mwanzo wa kidonda cha kulalia.

Choo kinastahili kufikiriwa mapema, maana ndipo wagonjwa wengi wanapoanguka na ndipo heshima yao inapoguswa zaidi. Kuchuchumaa kunahitaji mapaja yenye nguvu kuliko kutembea. Fundi seremala anaweza kutengeneza kigoda imara chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo, na kipande cha mbao kilichopigiliwa ukutani kikawa cha kushikilia. Aoge ameketi kwenye stuli, mlango ukiwa umerudishwa bila komeo. Muislamu akumbushwe kwamba kuswali ameketi, au hata amelala, kumeruhusiwa kwa asiyeweza kusimama, na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua Ramadhani. Watu wazima wengi hujitaabisha hapa kwa kuona aibu.

Mazoezi yenyewe

Anzeni na yale ya kitandani: kukunja na kukunjua vifundo vya miguu, kukunja goti moja kisha jingine, kuinua makalio huku magoti yamekunjwa, kunyoosha mikono juu ya kichwa. Mara tano kila moja, asubuhi na jioni, inatosha.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la kuinuka kwenye kiti na kukaa tena. Linafundisha mapaja, kiuno na mizani ya mwili kwa pamoja, na halihitaji kifaa chochote. Kiti kiegemezwe ukutani kisiteleze. Mwanzoni wekeni mto juu yake ili kiwe kirefu, na mgonjwa ajisukume kwa mikono. Mara tatu, apumzike, mara tatu tena. Wiki inayofuata mto utolewe. Baadaye aache kutumia mikono. Kisha inakuja kutembea: kutoka kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi uani, uani hadi kwa jirani. Andikeni kwenye daftari kila siku alifika wapi na aliinuka mara ngapi, kwa sababu maendeleo haya ni ya polepole mno kuonekana kwa macho, na mgonjwa aliyekata tamaa anahitaji kuonyeshwa ukurasa wa wiki mbili zilizopita.

Kipimo cha kiasi ni mazungumzo. Akifanya zoezi aweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Asipoweza, amezidisha. Asipohema hata kidogo, anaweza kuongeza.

Kuna kundi moja la watu ambao kanuni ya kuongeza kila wiki haiwafai. Hawa wakijituma leo, kesho au keshokutwa huanguka kabisa: uchovu mzito, maumivu ya mwili, kichwa kizito, hata homa ndogo. Hali hii imeonekana sana baada ya UVIKO-19, na kumlazimisha mtu wa namna hiyo humdhuru. Mkiona mfuatano huo kwenye daftari, punguzeni, gawanyeni shughuli katika vipande vifupi na mapumziko katikati, na msiongeze mpaka apitishe siku kadhaa bila kuanguka. Mtaalamu aambiwe habari hiyo waziwazi.

Akiishiwa pumzi

Kuhema kwa nguvu baada ya juhudi ni jambo la kawaida, lakini kunatisha, na hofu yenyewe huongeza kuhema. Akae, aegemee mbele, viwiko juu ya magoti, au alaze kichwa kwenye mito iliyopangwa juu ya meza. Akiwa njiani aegemee ukuta. Avute hewa kwa pua bila haraka, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza uji wa moto, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Msimzunguke mkimpigia kelele za kumpa moyo. Mtu mmoja akae naye ahesabu pumzi pamoja naye kwa sauti ya chini.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasaidia, ila kina kasoro ambayo kila familia ya Kiafrika inapaswa kuijua. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba vipimo hivi viliwapa wagonjwa weusi namba za kuridhisha huku oksijeni ya damuni ikiwa chini, na kosa hilo liliwatokea karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Rangi ya kucha na vidole vya baridi navyo huvuruga usomaji. Basi namba ikishuka chini ya 90 na isipande baada ya mapumziko mafupi, nendeni hospitali, na namba ikiwa nzuri lakini mgonjwa anahangaika, nendeni pia. Aliyekuwa na ugonjwa wa mapafu tangu zamani apewe na daktari namba yake mwenyewe.

Moshi usimfikie: jiko la mkaa, kuni, sigara, udi na ubani vyote vikae mbali na chumba chake. Kuhusu kujifukiza, ambako kulishika kasi wakati wa janga, maoni yangu ni kwamba mtu mwenye mikono isiyo na nguvu hana kazi na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi. Ataungua.

Koo, sauti na sahani

Mpira wa mashine uliopita kooni huacha sauti ya kukwaruza na wakati mwingine huharibu umezaji. Sauti isipumzishwe kwa kunong'ona, kwa sababu kunong'ona huichosha zaidi. Aongee kawaida, kidogo, na anywe maji mara kwa mara. Umezaji ndio wa kuogopa. Akikohoa kila anywapo maji, au sauti ikilowa baada ya kumeza, chakula kinaweza kuwa kinaingia njia ya hewa, na matokeo yake ni nimonia nyingine. Arudi hospitali apimwe kabla hamjaendelea kumlisha. Kila mgonjwa ale akiwa ameketi wima, tonge dogo dogo, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Kumlisha mtu aliyelala ni hatari.

Misuli hujengwa kwa protini. Supu ya mifupa tunayoisifu ina ladha na chumvi, lakini nguvu iko kwenye nyama iliyobaki sufuriani, na mara nyingi mgonjwa hupewa mchuzi watoto wakala nyama. Mpeni mayai, dagaa waliosagwa, samaki, maharage, choroko, maziwa ya mgando, uji wa ulezi uliochanganywa na karanga za kusaga. Sahani ndogo mara tano au sita kwa siku humfaa kuliko sinia moja, kwa sababu ladha na hamu hurudi kwa mwendo wa kusuasua. Aliyepata deksamethasoni apimwe sukari, na mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini bila daktari kusema.

Mambo anayoyaona usiku

Hili ndilo linalovunja familia nyingi kwa sababu hawakuambiwa. Mtu aliyekuwa ICU huweweseka, na hurudi na kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea lakini kwake ni kweli tupu: wauguzi walitaka kumuua, alifungwa kwenye meli, marehemu mama yake alikuja kumchukua. Wakati wa janga hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani waliomzunguka walivaa mavazi yaliyoficha nyuso na hakuna ndugu aliyeruhusiwa kumshika mkono. Hajarukwa na akili. Ubongo uliokosa usingizi na kujaa dawa na homa uliunganisha vipande ulivyovipata.

Msibishane naye, wala msimcheke. Msikilizeni, kisha msimulieni yaliyotokea kweli, kwa tarehe: siku hii ulipelekwa, siku hii uliwekewa mashine, siku hii tulikupigia simu ya video ukafumbua macho. Katika nchi za Skandinavia wauguzi walianza zamani kumwandikia mgonjwa daftari la siku zake za ICU ili alisome baadaye, na utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliopewa daftari hilo walipata kiwewe cha kudumu kwa nadra zaidi. Kama hospitali haikuliandika, liandikeni ninyi kwa kukusanya ujumbe wa simu na kumbukumbu za kila ndugu. Wanaotaka kumsomea dua au kumwombea wafanye hivyo, inamliwaza, lakini dawa zisisimamishwe kwa ajili hiyo.

Kumbukumbu na umakini pia hulegea kwa miezi. Tumieni kengele ya simu kwa saa za dawa. Shughuli za fedha zishikwe na mtu anayemwamini yeye mwenyewe, na kwa kipindi hiki asisaini mkopo, mauzo ya shamba wala mirathi. Akianza kusema afadhali angekufa, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na mmoja wenu aliyebeba mzigo wote wa kumuuguza apewe zamu ya kulala, kwa sababu sonona na kukosa usingizi huwapata wauguzaji sawasawa na wagonjwa.

Dalili za kurudi hospitali bila kusubiri

Kuhema akiwa ametulia, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma hasa kwenye kigimbi, kukohoa damu, homa iliyorudi, uso kupinda au mkono kupoteza nguvu ghafla, kuchanganyikiwa kusikokuwepo jana. Damu huganda kwa urahisi baada ya UVIKO-19 na kulala kwa muda mrefu, na donge la damu likifika kwenye mapafu linaua. Kukatika kwa nywele miezi miwili au mitatu baada ya ugonjwa hakumo kwenye orodha hii. Kunatisha, lakini zitaota.

Miezi ya mbele

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19, na mwezi huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuzitaka nchi ziimarishe huduma za utengamao. Azimio hilo lina maana pale tu wananchi wanapozidai huduma hizi kliniki kwa kliniki. Kama mna bima, ulizeni kama inalipia fiziotherapia na mara ngapi.

Kurudi kazini kusianze na siku nzima. Mwombeni mwajiri nusu siku kwa wiki kadhaa, kwa barua ya daktari. Mwenye duka akae dukani saa mbili na asibebe mizigo. Mkulima aanze na bustani ya karibu. Bodaboda na gari vingoje mpaka shingo, macho na wepesi wa kuamua vimerudi, na daktari ndiye aseme.

Mwezi wa tatu mpimeni tena. Akiwa bado hawezi kuinuka kitini bila mikono, au hawezi kutembea hadi dukani, au anaogopa kulala, rudini hospitali na daftari lake la mazoezi mkaombe rufaa mpya, ya fiziotherapia, ya kifua au ya afya ya akili. Msikubali kuambiwa kwamba ni uchovu wa kawaida mpaka apimwe damu, sukari, moyo na mapafu.